Je, Wajua? Treni ya Umeme Hushikwa na Udongo

Tangu Juni 14, 2024, abiria wa Dar es Salaam na Morogoro wanasafiri kwa treni ya umeme kwa muda usiofika saa mbili. Anayeisimulia safari hiyo huanza na mambo ya juu: nyaya, kasi, kiyoyozi, pua iliyochongoka ya treni iitwayo Mchongoko. Safari hii nakuomba uangalie chini. Reli haipati umeme mpaka udongo ukubali, na kati ya Milima ya Uluguru na bonde la Mkondoa udongo umekuwa ukibishana na reli tangu enzi za Wajerumani. Niliyoyakusanya ni haya.

Nguzo ya treni haiogopi kuzama, inaogopa kupinduka

Waya ulio juu ya treni hubeba volti 25,000, zaidi ya mara 100 ya volti 230 zinazowasha taa nyumbani kwako. Kwa mhandisi anayeusimika msingi wa nguzo, volti hizo wala si tatizo lake. Tatizo lake ni mvuto. Nyaya hukazwa kwa nguvu inayofika tani moja na zaidi ili zisilegee jua linapochoma, na kwenye kona mvuto huo huielemea nguzo upande mmoja usiku na mchana, upepo nao ukiongeza wake. Uzito wa nguzo yenyewe ni mdogo. Kinachotakiwa ni udongo wa pembeni uushike msingi ubavuni usiyumbe.

Sasa piga hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro njia kuu ina kilomita 205. Ukiweka nguzo moja kila mita 50 hadi 60, kama ilivyo kawaida ya reli za umeme duniani, unahitaji zaidi ya misingi 3,400. Mmoja utaangukia kwenye mchanga wa Pwani, mwingine kwenye tope la bonde la Ruvu, mwingine kwenye mwamba wa Ngerengere. Mtu wa umeme anaona waya mmoja mrefu. Mtu wa udongo anaona maswali 3,400.

Reli ya Kati ina umri mkubwa kuliko elimu ya udongo

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro Desemba 1907, wakagusa Kigoma mwaka 1914. Kitabu kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya kisasa ya udongo wa ujenzi, cha Karl Terzaghi, kilitoka mwaka 1925. Kanuni ya kushindilia udongo, ile inayosema uumwagie maji kiasi gani kabla ya kuupitishia shindilio, ilitolewa na Mmarekani Ralph Proctor mwaka 1933. Kwa hiyo matuta ya reli ya zamani yalijengwa kwa majembe, makarai na migongo ya watu, kabla dunia haijajua jinsi ya kulipima tuta.

Terzaghi aliufanya utafiti wake mkubwa akiwa mwalimu mjini Istanbul, Uturuki. Kampuni iliyopewa kazi ya kujenga reli mpya kupita Morogoro, Yapı Merkezi, makao yake ni Istanbul. Elimu iliyokosekana mwaka 1907 ilikuja Morogoro miaka 110 baadaye, ikitokea mji uleule ilikozaliwa.

Tanzania haikuitundikia reli ya zamani nyaya hata kilomita moja

Ilipoamuliwa kuwa na treni ya umeme, jibu halikuwa kuivisha reli kuukuu nguo mpya. Ilijengwa nyingine karibu yake, kuanzia mwaka 2017: Yapı Merkezi na Mota-Engil ya Ureno wakianza na kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Yapı Merkezi ikaendelea hadi Makutupora mkoani Singida. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma; mpya, iitwayo SGR, ina 1,435.

Wengi wanadhani sababu ni upana na kasi tu. Ziko nyingine zilizofichika. Tuta la zamani lina mabega membamba, na bega ndipo nguzo inapotaka kusimama. Kona zake ni kali. Makalvati yake yalipimwa kwa mvua za zamani na kwa milima iliyokuwa na miti zaidi. Ukichimba begani mwa tuta la namna hiyo ili usimike msingi, unaweza kulidhoofisha tuta lenyewe ulilokuja kulinufaisha. Hata hivyo reli ya zamani haikutupwa: kipande cha Dar es Salaam hadi Isaka, karibu kilomita 970, kilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na bado kinabeba mizigo kwa dizeli.

Kiu ya injini ya mvuke ndiyo iliyoipeleka reli mafurikoni

Treni ya mvuke hunywa maji. Hunywa mengi, na hunywa mara kwa mara. Tena haipendi mlima. Wajenzi wa zamani walipotoka Kilosa kuelekea Dodoma walifuata bonde la mto Mkondoa, kwa kuwa humo mlikuwa na vitu viwili walivyovihitaji: maji ya injini na mwinuko wa taratibu. Misafara ya Bagamoyo ilikuwa imepita njia hiyohiyo kabla yao, kwa sababu zilezile.

Injini za mvuke zimeondoka, reli ikabaki mtoni. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliichana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, ukaacha maelfu ya watu bila makazi. Sehemu kadhaa kuanzia Kilosa kwenda Gulwe reli ilibaki ikining'inia hewani, tuta chini yake likiwa limekwenda na maji. Safari za abiria kutoka Dar es Salaam zilisimama kwa miezi. Treni ya umeme haina kiu. Inaweza kuuacha mto, ikapanda, ikatoboa mlima.

Kuna mto ambao kitanda chake kinapanda

Tumezoea kwamba mto huchimba, na kadiri miaka inavyokwenda unazama ndani ya bonde lake. Baadhi ya sehemu za bonde la mito Mkondoa na Kinyasungwe hufanya kinyume. Vijito vya pembeni hushuka kutoka milima iliyokwanguliwa vikiwa na mchanga na changarawe, vikifika penye tambarare huchoka na kutua mzigo. Kitanda cha mto kinajaa na kupanda, na daraja ambalo zamani lilikuwa na nafasi kubwa chini yake linabaki na upenyo.

Kulinyanyua daraja peke yake hakutoshi, maana mchanga hauachi kuja. Shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilituma wataalamu kulichunguza tatizo la mafuriko ya kipande hiki cha Reli ya Kati katika miaka ya 2010, na walilazimika kuangalia mbali sana na reli: kwenye korongo, kwenye malisho, kwenye mashamba ya juu kabisa ya mlima.

Tambarare ya Mkata ilimshinda Stanley kabla haijawasumbua wahandisi

Mwaka 1871, wakati wa masika, msafiri Henry Morton Stanley alipita hapa akimtafuta msafiri mwenzake Livingstone. Alikuwa ametoka kuustaajabia mji wa Simbamwene, ndiyo Morogoro ya leo, wenye kuta zake imara. Mbele yake kulikuwa na Mkata. Msafara uliingia kwenye maji na tope, punda wakakwama, wapagazi wakaugua, na mbwa wake Omar, aliyekuja naye kutoka India, akafa baada ya kuvuka. Yeye mwenyewe aliugua vibaya.

Leo Mkata ni jina la kituo cha SGR kati ya Morogoro na Kilosa, na treni inapita bila abiria kuhisi chochote. Laiti kungekuwa na kibao dirishani cha kuwaambia kwamba tambarare hiyo kavu wanayoiona Septemba huwa ziwa la muda mvua zikikolea, na kwamba kila mita ya tuta chini yao imepandishwa juu ili maji yawe na pa kupita.

Udongo mweusi wa mbuga unaweza kunyanyua nyumba

Mkulima wa mpunga anaupenda. Fundi ujenzi anaukimbia. Ndani ya udongo huu kuna chembe za madini ziitwazo montimorilonaiti, zilizopangana tabaka juu ya tabaka, na maji yakiingia kati ya tabaka hizo udongo unavimba kwa nguvu ya kupasua ukuta na kubinua sakafu. Kiangazi unanywea na kupasuka nyufa ambazo mkono mzima unazama.

Fikiria msingi mfupi wa nguzo ya umeme humo. Masika unasukumwa juu, kiangazi unaachwa na pengo pembeni, mwaka hadi mwaka, hadi nguzo inaanza kuinama. Waya wa treni hauvumilii hilo, kwa kuwa lazima upite juu ya paa la behewa kwa kipimo, si huku wala kule. Dawa ni tatu tu: kuuchimba na kuutupa, ukaletwa udongo mwekundu au changarawe mahali pake; kuuchanganya na chokaa ili upoteze tabia yake; au kuuteremsha msingi chini kabisa, mahali ambapo msimu haufiki.

Mchwa ni wakandarasi wasioalikwa

Kichuguu unachokiona ni sebule tu. Chini yake kuna vyumba, njia za hewa na vijia vinavyosambaa mbali, na mchwa hawajali kama juu yake kutapita reli. Tuta likijengwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa tu kwa greda, mashimo yale hubaki, maji yakayapata, na siku moja kokoto zinadidimia bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana vichuguu huchimbwa hadi kwenye kiota, kisha shimo hujazwa na kushindiliwa upya.

Na hapo hapo, udongo wa kichuguu ukiwa juu ni mali. Vijiji vingi vya Morogoro huutumia kukandika kuta na kusilibia sakafu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuusaga laini na kuugandisha.

Saa tatu za mvua ziliangusha miteremko zaidi ya 1,000 Mgeta

Februari 23, 1970, upande wa magharibi wa Uluguru, katika eneo la Mgeta, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Ilipokatika, maporomoko madogo ya ardhi zaidi ya 1,000 yalikuwa yameichana milima. Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Anders Rapp wa Uppsala, Sweden, walipanda huko kuyahesabu na kuyapima, na utafiti wao uliotoka mwaka 1972 hadi leo hutajwa duniani kote panapozungumzwa maporomoko ya nchi za joto.

Waligundua nini? Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1. Hii ni mvua ileile, mlima uleule, siku ileile. Mengi hayakuwa na kina hata cha mita mbili, yaani yalikatika palepale ambapo mizizi ya mti mkubwa ingekuwa imepita na kushona tabaka la juu kwenye la chini. Jembe la mkono halifiki huko, wala mizizi ya mahindi.

Sitaki mtu alichukue hili kuwa lawama kwa Waluguru. Mgeta wanalima matuta ya ngazi kwenye miteremko ambayo wengine tungeogopa hata kuitembea, na mboga zao zinalisha masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Ila mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu unapita chini ya madaraja ya reli zote mbili, ya zamani na mpya. Udongo uliobomoka kule juu mwaka 1970 haukuyeyuka. Ulishuka. Mhandisi anayelinda daraja la Ruvu na mzee anayelinda msitu wa Uluguru wanafanya kazi moja, nami ningependa siku moja wakae meza moja.

Ukizunguka mlima mmoja, mvua inaongezeka mara tatu

Upande wa mashariki wa Uluguru, unaokabili bahari, hupata karibu milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Morogoro, uliojificha nyuma yake, haufikishi hata 1,000 kwa mwaka wa kawaida. Kwa reli hii maana yake ni kwamba mafuriko yanaweza kufika chini ya jua kali: imenyesha Kinole na Tegetero, mjini ni vumbi.

Ekseli moja ya SGR inaweza kubeba karibu tembo sita

Reli mpya imejengwa kustahimili tani 35 kwa kila ekseli. Tembo dume wa Mikumi ana kama tani sita, hivyo weka karibu tembo sita juu ya magurudumu mawili, kisha wapitishe kwa mbio juu ya tuta, ekseli baada ya ekseli, behewa baada ya behewa. Kokoto na mataruma hutawanya uzito huo ili ukifika kwenye udongo uwe umepungua. Usipopungua vya kutosha, maji na udongo laini huchomoza juu kati ya kokoto, na reli huanza kucheza.

Treni inaweza kuyapita mawimbi ya ardhi

Kila treni inapopita, ardhi inatikisika na mtikisiko unasafiri mbele yake. Kwenye mwamba husafiri kwa kasi kubwa mno, treni haiwezi kuufikia. Kwenye tope laini husafiri polepole. Huko Ledsgård, kusini mwa Göteborg nchini Sweden, mwaka 1997 na 1998, treni za umeme za X2000 zilianza kupita kwa karibu kilomita 200 kwa saa juu ya udongo wa kinamasi ambao mawimbi yake yalikwenda kama mita 40 tu kwa sekunde. Treni ikayapita. Ardhi ikajikunja mbele na nyuma yake, na reli ikapanda na kushuka kwa zaidi ya sentimita moja kila treni ilipopita.

Wasimamizi wa reli hiyo waliipunguza kasi haraka, kisha wakachoma kwenye udongo huo nguzo nyingi za chokaa na saruji ili ukakamae. Kwa SGR yetu, kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa ni sawa na mita 44 kwa sekunde. Linganisha na zile 40 za Ledsgård, utaelewa kwa nini tope laini haliachwi chini ya tuta la treni ya kasi, hata kama tuta linaonekana limetulia.

Umeme wa treni hurudi kupitia ardhini, pengine kilomita nzima chini

Umeme hauendi tu, lazima urudi ulikotoka. Unashuka kwenye waya, unazungusha mota, unatokea kwenye magurudumu na kuingia kwenye reli ili urudi kituo cha kupoza umeme. Njiani sehemu yake inavuja na kuingia ardhini. Wapi hasa? Mwaka 1926 mhandisi wa Marekani John Carson alitoa hesabu ya jambo hilo. Kwa umeme kama wetu, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na kwa udongo wa wastani wenye ukinzani wa ohm-mita 100, mkondo huhesabiwa kana kwamba unapita mita 930 hivi chini ya miguu yako. Kwenye mwamba mgumu wa ohm-mita 1,000, kina hicho kinafika kama mita 2,900. Kwa kulinganisha, kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote Uluguru, kina mita 2,630 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kadiri mkondo unavyozama, ndivyo unavyogusa mbali. Bomba la chuma, uzio, waya wa simu au reli ya zamani inayokwenda sambamba vinaweza kupata umeme visiouomba. Ndiyo maana vyuma vilivyo karibu na njia hufungwa ethi, na ndiyo maana kabla ya kujenga mtu huzunguka na vipimo vyake akichomeka vijiti ardhini, akipima udongo si kwa uimara bali kwa jinsi unavyopitisha umeme. Udongo mweusi wa Mkata, ule wenye sifa mbaya ya kuvimba, hapa unajivunia: unapitisha umeme vizuri.

Uingereza ilielemewa na mashimo ya nguzo

Njia ya London hadi Cardiff ilianza kujengwa na Isambard Kingdom Brunel katika miaka ya 1830. Waingereza walipoamua kuitundikia nyaya, walinunua treni maalumu ya Kijerumani ambayo ni kiwanda kizima juu ya magurudumu: mabehewa yake ya mbele yanapigilia mabomba ya chuma ardhini, ya katikati yanamimina zege, ya nyuma yanasimika nguzo. Ilionekana kazi imekwisha. Lakini tuta la zamani lilikuwa na mambo yake, yakiwemo nyaya za ishara zilizozikwa na watu waliokwishakufa, na kazi ya misingi ikaenda polepole kuliko ilivyopangwa.

Makadirio yalipanda kutoka pauni bilioni 1.6 mwaka 2014 hadi bilioni 2.8 mwaka uliofuata, na kipande cha Cardiff hadi Swansea kikafutwa mwaka 2017. Misingi haikuwa sababu pekee, ila ilikuwemo. Nchi iliyobuni reli ilijifunza kwamba kuweka umeme kwenye njia ya zamani kunaweza kuwa kugumu kuliko kujenga mpya.

Reli ya zamani yenye umeme ipo Afrika, na wanaoitumia wanazungumza Kiswahili

Ukitaka kuona kilichoshindikana Reli ya Kati, nenda Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Mwaka 1952, kati ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Tenke, reli iliyokuwa ikitumia mvuke ilitundikiwa nyaya na kuwa miongoni mwa za mwanzo duniani kutumia umeme wa masafa ya kawaida ya gridi, mfumo uleule ambao SGR inautumia leo. Baadaye njia zenye umeme huko zilizidi kilomita 850.

Waliwezaje? Walikuwa na shaba ya kusafirisha, makaa ya mawe ya kuagizwa kwa gharama, na mabwawa jirani kwenye mito Lufira na Lualaba. Reli yao pia ina milimita 1,067, haifiki upana wa SGR, kwa hiyo wembamba pekee haukuwahi kuwa kizuizi. Kasi na mzigo waliouhitaji vilikuwa vya wastani, na hilo liliurahisishia udongo kazi.

Mkoa wa Morogoro una reli za aina tatu, na hakuna treni inayoweza kupita zote

Ipo ya milimita 1,000, ipo SGR ya 1,435, na kusini inapita TAZARA yenye 1,067. Kidatu, ambako ya kwanza na ya tatu zinakutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya tofauti ya milimita 67.

TAZARA nayo ina kisa chake cha udongo. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kilichowatoa wajenzi jasho kuliko vyote kinaanzia Mlimba, mkoani humuhumu, kikipanda hadi Makambako: mabonde, tope na milima iliyohitaji mahandaki 18. Daraja la mto Mpanga linasimama juu ya nguzo zenye urefu wa kama mita 50.

Mvua ya Kilombero inaisukuma Mchongoko

Umeme wa SGR hutoka gridi ya taifa. Kwa kipande cha kwanza ilijengwa njia ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, pembeni ya mji wa Morogoro. Kwenye gridi hiyo limo bwawa la Kidatu lenye megawati 204, na bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lenye megawati 2,115. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na mto Kilombero. Maji huitesa reli yakiwa tope, na huiendesha yakiwa bwawani.

Handaki la treni ya umeme lazima liwe refu kwenda juu

Baada ya Kilosa, SGR inapita mahandaki manne yenye jumla ya karibu kilomita 2.6, na refu kuliko yote lina kilomita moja na kidogo. Ukitoboa kwa ajili ya dizeli, unahitaji nafasi ya treni. Kwa umeme unaongeza nafasi ya waya, kisha nafasi ya hewa tupu kati ya waya na mwamba ili volti 25,000 zisiruke, maana mwamba unaotiririka maji ya mvua haupaswi kukaribia waya huo. Sehemu ngumu si katikati ya mlima, ambako mwamba ni mzima. Ni mdomoni, pale ambapo mwamba umeoza kwa jua na mvua za miaka mingi hadi unabomoka mkononi, nao ndio unaotakiwa kulishika paa la kwanza.

Ukisafiri mchana kutoka Dar es Salaam, kaa upande wa kushoto: Uluguru itaanza kujitokeza ukikaribia Morogoro. Kilosa ikipita, tazama jinsi SGR inavyoingia mlimani mahali ambapo reli ya 1907 na miaka iliyofuata ilijipinda kuufuata Mkondoa.